Daraja la Kwanza

Alikuja na kanda saba, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
siku ukungu wa Newala ulipogoma kuondoka hadi saa nne.
Bwana Likwena, karani wa mizani mstaafu,
miaka thelathini na mmoja ghala la ushirika;
hata sasa akishika kitu, kwanza anakipima kwa kiganja:
kanda, chenji, mkono wa mtu.

"Nihamishie kwenye flashi," akasema.
"Hizi nyimbo zenyewe, za watu waliojua kupuliza.
Si haya ya mjukuu wangu,
mdundo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, maneno matatu,
na moja kati ya hayo matatu ni jina la mwimbaji."

Nikacheka. Mimi Somoe, kazi yangu kuwajazia watu nyimbo,
kumi kwa elfu moja.
Sina za zamani, sina za sasa, nina wateja.
Lakini ukungu ulikuwa mzito, foleni hakuna,
nikamuuliza: Bwana Likwena, korosho zikidondoka,
huwa zote daraja la kwanza?

Akanitazama kama niliyemletea gunia lenye mchanga.
"Zingekuwa hivyo mimi ningeajiriwa kwa kazi gani?
Kuna mapooza. Kuna zilizonyeshewa.
Kuna mawe, binti, mawe ya kutilia uzito."

Basi hizi zako, nikasema, zimeshapita ghalani.
Miaka arobaini imezichambua,
mapooza yake yalikufa na hakuna aliyeweka matanga.
Za mjukuu wako ndiyo kwanza zinaokotwa,
na mabibo yake, na majani, na takataka za chini ya mti,
nawe unatoa hukumu msimu haujafungwa.

"Umesema vizuri," akasema. "Lakini mwaka mbaya upo.
Nimeuona kwa macho yangu:
mikorosho ilichanua mpaka tukakopa kwa matumaini,
ubwiri ukaingia,
tukapima gunia baada ya gunia, la kwanza halimo.
Usiniambie miaka yote ni sawa
kwa kuwa kila mwaka una korosho."

Hapo alinikamata.
Nikanyamaza, nikaingiza kanda ya tatu.

Gita likaja likiyumba, kama mtu anayevuka mto maji kifuani.
Tarumbeta. Na chini yake wimbo mwingine, uliofutwa, bado unanong'ona,
maana kanda zilikuwa ghali,
kipenzi kipya kilirekodiwa mgongoni mwa kipenzi cha jana.
Kisha jogoo. Kisha mlango.
Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na redio:

"Zima hayo makelele, Bakili!
Nyimbo gani hizi za siku hizi, hazina hata haya,
tarumbeta kama mbuzi aliyebanwa na mlango.
Sisi enzi zetu..."

Tarumbeta likammeza.

Bwana Likwena alikuwa ameinama, mkono umebaki hewani,
kiganja juu, kama kinachongoja kuwekewa kitu.
"Mama," akasema. Hakuwa akisema na mimi.
Halafu akacheka, kicheko cha kijana aliyekamatwa,
akakohoa, akafuta macho, akasingizia vumbi
asubuhi ile ya ukungu.

Kompyuta yangu ina kitufe cha kusafisha:
kinafuta mvumo, jogoo, mlango, watu,
kinabakiza muziki mtupu.
Nimewafanyia wengi, wameshukuru.
Nilipopeleka kidole akanishika mkono, akaupima.
"Hiyo acha. Ila hilo tarumbeta,
hilo huwezi kulipunguza kidogo?"

Nikajaribu. Vimeshikana, nikamwambia,
ukimpunguza mbuzi na yeye anapungua.

"Basi rudisha nyuma."
Nikarudisha. Mara tano, labda sita.
Nje bodaboda ikapita na yale maneno matatu,
jina la mwimbaji likatajwa mara nne kabla haijakata kona,
na Bwana Likwena, bila kuinua kichwa, akasema:
"Hata huyu naye yupo anayemkataza nyumbani."

Akalipa kanda sita.
Ya tatu, alisema, si wimbo, isiingie kwenye hesabu;
nami sikubishana na karani.